Nimepigiwa chafya mezani, nikaambiwa nimeshindwa vita. NIMECHOKA!!!

Mguu wa Tatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam ya leo haina utamu. Nimetoka klabu yetu ya michezo ya vita ya mezani sasa hivi, nipo kwenye treni, vidole vinatetemeka. Herufi zikiruka nivumilieni.

Simtaji mtu. Sina haja, mnamjua. Yule bwana wa dadu za kijani, anayekuja na chai yake kwenye chupa na tangu dunia iumbwe hajamkaribisha mtu hata kifuniko. Huyo huyo.

KANIPIGIA CHAFYA MEZANI. Halafu akaniambia nimeshindwa.

Nianze mwanzo, maana nikikimbilia pale nitalia mbele ya abiria. Mchezo ni wa kitabu cha H. G. Wells, The War of the Worlds: Wamirihi, viumbe wa sayari ya Mirihi, wanaivamia Uingereza kwa tripodi, mashine za miguu mitatu. Tripodi sita, miezi mitano. Kila moja miguu mitatu, hiyo ni miguu 18, na kila mguu umepakwa rangi tabaka nne, usiku, mama watoto kalala, mimi na taa ya kichwani kama mchimba tanzanite. Woking yote, mji wa Uingereza wanakoanzia, nimeijenga kwa mikono hii: Horsell Common na shimo la silinda ya kwanza waliyoshukia, stesheni ya reli, mpaka Msikiti wa Shah Jahan. Kuba lake nimelikata kwenye kampira ka tenisi ya mezani. Msikiti ule ni wa 1889, kwa hiyo Wamirihi wa Wells wanateremka na wenyewe unawatazama, na kitabuni kautaja kabisa, ncha yake inaruka kwa kipigo. Kuna watu wetu wanaswali pale kila Ijumaa na hawajui kwamba jengo limeshanyukwa na Wamirihi. Nilitaka walione hilo. Nilitaka watu waje wapige picha.

Zamu ya saba. Mizinga yake nimeimaliza. Shepperton nimepoteza tripodi moja, sawa, hata kitabuni pale inaanguka moja, sikusema neno. Yeye kabakiwa na askari wanane na farasi asiye na mtu. Mimi nina tripodi tano na moshi mweusi, silaha yao ya sumu, sijaugusa. Nimebakiza inchi nne nifike mtoni. Inchi NNE. Nikachukua futi, nikainama.

HAAAPCHYAAA!

Juu ya meza. Bila mkono, bila leso, bila hata kugeuza shingo kwa heshima ya wafu. Tripodi mbili chini. Magugu mekundu ya Wamirihi (sifongo ya kuoshea vyombo niliyoichovya rangi siku mbili) yakaruka mpaka Weybridge. Halafu, wakuu, halafu akajifuta pua kwa kiganja, akasema kwa sauti ya msoma taarifa ya habari:

"Bakteria. Wamirihi wote chali. Hesabu pointi."

Hesabu pointi!!!

Ukumbi mzima ukacheka. Mwenyekiti akacheka. Hata yule mzee wa meza ya Waterloo, ambaye hajacheka tangu nijiunge, akacheka mpaka akashika kiti.

Najua kitabuni wanakufa kwa vijidudu. Najua! Lakini wanakufa wameshaiteka London, wameshakaa, wameshazoea hali ya hewa. Hawafi kwa chafya ya mtu mmoja wamebakiza inchi nne. Miezi mitano, wakuu. Chafya moja. Hesabu pointi.

Na tone moja lilifika kwenye kuba la msikiti. Nimelifuta mara tatu. Bado naliona.

Sitaki ushauri. Nataka mkasirike na mimi.

Chungu Cheusi

Kwa hiyo, kwa kifupi, umeshindwa na mafua.

Mtoto wa Eastleigh

Aki nimecheka kwa kazi mpaka supervisor ameniuliza kama niko sawa. Buda hebu rudia tena hapo kwa chafya.

Mguu wa Tatu

Rudia nini? KANIPIGIA CHAFYA. Nimeinama, futi mkononi, inchi nne, HAPCHYA, "hesabu pointi". Unataka nichore?

Chungu Cheusi

Ndiyo. Uzi bila picha ni umbea.

Kijukuu cha Malindi

Sheikh, kabla hatujahukumu. Baada ya kupiga chafya alisema alhamdulillah au hakusema? Maana kama alisema na wewe hukumjibu, basi una deni lake.

Mguu wa Tatu

Alisema "bakteria"!

Kijukuu cha Malindi

Basi huna deni.

Fundi Resini

Nilikuwepo, meza ya pili. Tuseme ukweli jamani. Kanuni zetu za nyumbani ziko wazi: kuanzia zamu ya sita, mchezaji wa Wamirihi anatupa dadu mwanzoni mwa kila zamu, akipata 1, tripodi moja inaugua na haisogei. Moja tu. Hakuna mahali palipoandikwa chafya, wala hakuna mahali palipoandikwa wote chali.

Mguu wa Tatu

ASANTE! Mnaona? Mnaona?

Fundi Resini

Sijamaliza. Zamu ya sita hukutupa dadu. Ya saba hukutupa. Nilidhani umesahau, nikanyamaza.

Chungu Cheusi

Naweka kiti hapa, naomba na karanga.

Mguu wa Tatu

Hilo la dadu tutaliongea wakati wake. Mada ni CHAFYA.

Bibi Mafiga

Afadhali wewe yako ilikuwa chafya ya sekunde moja. Mimi mama mkwe alikuja kutoka Tanga kukaa miezi mitatu. Siku ya pili tu akazikuta tripodi zangu dirishani zinakauka. Akaniita: "Mwanangu, mbona mafiga yenu huku Ulaya madogo hivi, mnapikia nini, mayai ya kware?" Nikamweleza ni mashine za viumbe kutoka Mirihi. Akanitazama kwa muda mrefu sana. Jioni nikasikia anampigia dada yake simu anamwambia mwanawe kaoa mganga. Mpaka leo ukoo mzima unaniogopa, hata mchango wa harusi nimeacha kuombwa.

Mtoto wa Eastleigh

Huyo mama mkwe apewe uzi wake. Na hiyo ya kutoombwa mchango, unalalamika ama unajigamba?

Bibi Mafiga

Mwanzoni nililalamika.

Mzee wa Springi

Vijana mnalia kwa vitu vidogo. Huyo huyo Wells wenu, 1913, alitoa kitabu cha kanuni za vita vya sakafuni kwa askari wa kuchezea. Mizinga yake ilikuwa ya springi, inarusha kipande cha mti kweli kweli. Unalenga kwa jicho, ukiangusha askari kafa, usipoangusha mzima. Shabaha haina dadu. Kwa hiyo kuangusha tripodi kwa kitu kinachoruka hewani ni jadi ya mchezo tangu mwasisi. Jamaa kacheza kwa mila.

Mguu wa Tatu

Mzee shikamoo, lakini PUA SI MZINGA.

Mzee wa Springi

Marahaba. Inategemea pua.

Mtu Baki (amejiunga leo)

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mgeni, sihusiki na upande wowote na sijawahi kufika ukumbini hapo. Ila kwa mtazamo wangu kama mtu baki, chafya ile ilikuwa ya asili, haikupangwa, na ilifuata roho ya hadithi. Pia si kweli kwamba chai haikaribishwi, ni kwamba chupa ni ndogo. Na kiganja kilifutwa baadaye.

Fundi Resini

😂😂😂

Chungu Cheusi

Karibu sana jukwaani, mtu baki. Dadu zako rangi gani?

Mtu Baki (amejiunga leo)

Kijani kibichi. Kwa nini?

Mguu wa Tatu

MNAMUONA! MNAMUONA LAKINI! Kafungua akaunti! Mtu kanipigia chafya mezani, na sasa kaja kunipigia chafya kwenye uzi wangu!

Nahodha wa Sufuria

Samahani naingilia, na mimi nina langu. Nilinunua kwa mtu, simtaji, mnamjua, ile manowari ya kupambana na tripodi, Thunder Child. Kaniambia ni ya vipimo vya milimita 28, yaani inalingana na askari wa kuchezea wa urefu huo. Imefika, saizi ya kiatu cha mtoto wa chekechea. Tripodi yangu ikisimama pembeni inaonekana inaoga kwenye karai. Meli ile kitabuni inaondoka na tripodi mbili, hii yangu haiwezi kuondoka na kuku. Na ukiangalia kazi ya meli yenyewe, ni manowari ya kugonga kwa pua kama ilivyokuwa HMS Polyphemus, chuma kirefu kinachokaa chini majini. Mimi nimeletewa ina bomba nne na kitu kama ghorofa. Nikamwandikia, akanijibu "hiyo ni ubunifu". Ubunifu pauni 40!

Mtoto wa Eastleigh

Pua tena. Huu uzi ni wa mapua.

Kijukuu cha Malindi

Kwa kuwa tumefika kwenye manowari, na mimi niseme la kwangu ambalo limenikaa kooni mwaka mzima. Kila meza ya enzi za Malkia Victoria unayokwenda, sisi tunawekwa kona ya kushoto, "wenyeji, mikuki, mchezaji wa tatu akipatikana". Nikasema sawa, mimi nitatengeneza yangu. Unguja, tarehe 27 Agosti 1896. Sayyid Khalid kasrini, meli tano za Waingereza mbele ya Forodhani, saa tatu asubuhi muda wa onyo unakwisha. Ila badala ya mizinga kuanza, silinda inaanguka baharini na tripodi inainuka katikati yao wote. Waingereza na Sultani wanalazimika kushirikiana. Wells alianza kutoa hadithi yake jaridani Aprili 1897, miezi minane tu baada ya kasri letu kupigwa, na ukurasa wa mwanzo mwanzo kawataja Watasmania walivyofutwa na wazungu. Alijua anachokiandika. Basi nikapeleka wazo klabuni. Mnajua nimejibiwa nini?

Bibi Mafiga

Nini?

Kijukuu cha Malindi

"Vita vile vilikuwa vya dakika 38, mchezo utakuwa mfupi."

Chungu Cheusi

Dakika 38 mimi bado natafuta futi.

Fundi Resini

Dakika 38 ndio kwanza huyu wa uzi anabishana kuhusu zamu ya kwanza.

Mguu wa Tatu

Jamani turudi kwenye chafya.

Nahodha wa Sufuria

Kijukuu, hiyo Glasgow, meli ya fahari ya Sultani, unayo? Maana hii manowari yangu ya karai ukiikata bomba mbili inaweza kufaa. Mwisho Glasgow ilizama ikabakisha milingoti imechomoza majini, kwa hiyo hata ukubwa si hoja, unaweka milingoti tu.

Kijukuu cha Malindi

Wallahi umenifungua macho. Milingoti mitatu kwenye rangi ya bluu, tumemaliza. Lete. Kasri la Beit al-Hukm nimeshalijenga, lile lililovunjwa siku ile. Limebaki Beit al-Ajaib, nguzo zake zinanitoa roho.

Bibi Mafiga

Nguzo tumia mirija ya juisi. Mimi nitaleta mafiga matatu.

Fundi Resini

Nani anakuwa Wamirihi?

Mtu Baki (amejiunga leo)

Mimi nipo tayari. Nitakuja na chupa kubwa zaidi.

Kijukuu cha Malindi

Karibu, ila uje na barakoa.

Mguu wa Tatu

Mnamkaribisha?! KWENYE UZI WANGU?! Nimeinama, futi mkononi, inchi nne

Mzee wa Springi

Kijana, una tripodi sita zimekaa bure. Zilete Jumamosi.

Mguu wa Tatu

Tano. Moja mguu umetoka kwa ile chafya, naugundisha hapa hapa kwenye treni. Na siji.

Mguu wa Tatu

Saa ngapi lakini?

Fundi Resini

Nne asubuhi. Na dadu ya zamu ya sita utaitupa, nitasimama nyuma yako.

Mtoto wa Eastleigh

Kijukuu, kutakuwa na urojo ama ni vita kavu?

Kijukuu cha Malindi

Urojo upo, lakini mezani haukai. Nimeshaona watu wa humu.

Mguu wa Tatu

Wakuu swali la haraka. Supagluu ikishika kidole na mguu wa tripodi kwa pamoja inatolewaje?

Bibi Mafiga

Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Omba abiria.

Mguu wa Tatu

Nimepata kwa dada mmoja hapa. Kidole kimetoka.

Mguu wa Tatu

Na rangi ya mguu imetoka. Tabaka zote nne.