Wapima vidole wa mwaloni wamemponza kaka yangu, nani anawaruhusu?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na mtanivumilia.

Huku Kigoma, mwalo wa Kibirizi, mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi ya dagaa inakaa nchi kavu, maana taa hazivuti samaki mbele ya mwanga ule. Wanaume wanashona nyavu, mfukoni wana hela za giza lililopita. Ndipo anapoingia huyu bwana na spika kwenye pikipiki, anajiita daktari. Kifaa chake ni futi ya fundi cherehani. Anakushika mkono mbele za watu, anapima kidole cha shahada, anapima cha pete, anatangaza kwa spika: cha pete kikizidi wewe dume kamili, cha shahada kikizidi umezaliwa pungufu. Kisha anauza unga, kopo 35,000.

Kaka yangu alipimwa mwezi wa tatu. Watu wakacheka. Ana miaka 47, watoto watano, na ni kweli karibu mwaka mzima jogoo alikuwa hapandi mtungi, shemeji alishamdokezea mke wangu. Kwa hiyo maneno yale yalimkuta ameshanyong'onyea. Alinunua makopo manne.

Sasa sikieni. Kidole cha pete cha kaka, mkono wa kulia, kilibanwa na kamba kwenye ukingo wa mtumbwi miaka mingi iliyopita. Ncha ilikatika, kucha haikuota tena. Mtoto wa darasa la pili angeliona lile kovu. Yule bwana alipitisha futi juu yake, akasema homoni zilimpungukia akiwa tumboni mwa mama.

Mama yetu yuko hai, yuko Ujiji. Habari zikamfikia. Akaanza kutuuliza alikula nini kibaya alipokuwa na mimba ya kaka. Bibi wa miaka 70 na zaidi! Hilo peke yake sitalisamehe.

Nimekaa nikasoma. Habari ya vidole haikuzuliwa mwaloni. Mwaka 1998 John Manning na wenzake wa Liverpool, Uingereza, walichapisha utafiti uliohusisha uwiano wa vidole hivi viwili (urefu wa cha shahada ukigawanywa kwa urefu wa cha pete) na idadi ya mbegu za kiume na kiwango cha testosteroni, yaani homoni ya kiume. Wanaodhani hivyo wanasema homoni anazopata mtoto tumboni ndizo zinazorefusha kidole cha pete. Mwaka 2011 Zheng na Cohn wa Marekani wakaonyesha kwa panya kwamba homoni hizo kweli zinaathiri ukuaji wa kidole hicho, na mwaka huohuo madaktari wa Korea Kusini wakapima wanaume 144 wakahusisha uwiano huo na urefu wa uume. Urefu, jamani. Kusimama ni habari nyingine kabisa.

Tena hayo yote ni wastani wa watu wengi. Liverpool wastani wa wanaume ulikuwa kama 0.98, wa wanawake 1.00. Kwa kidole cha sentimita saba na nusu tofauti hiyo ni milimita moja na nusu! Wanaume wazima wengi tu wana kidole cha shahada kirefu na wana watoto tele. Mwaka 2007 watafiti waliokusanya tafiti nyingi pamoja walikuta uwiano huo hauhusiani na testosteroni aliyonayo mtu mzima. Na anayepima kwa haki anapima upande wa kiganja, kuanzia mkunjo wa shina la kidole hadi ncha. Huyu wetu anapima kwa mgongo wa mkono, futi imelegea, huku anaongea.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni lile neno "umezaliwa hivyo". Ukishaambiwa umezaliwa hivyo, utatafuta ugonjwa gani? Kaka alikuwa anaweka jagi la maji kando ya kitanda na kulimaliza kabla ya alfajiri. Usiku anatoka kukojoa mara nne, mara tano. Nyayo zinawaka moto. Alipomuuliza yule bwana, akajibiwa dawa inasafisha mwili. Mwezi wa sita akaanguka. Kituo cha afya wakamtoboa kidole, kidole kilekile cha shahada, sukari ikasoma 24.

Daktari alitueleza taratibu. Kisukari kinaharibu mishipa midogo ya damu na neva, na nguvu za kiume huwa miongoni mwa mambo ya mwanzo kuyumba. Presha na sigara nazo zimo. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo tatizo la kusimama linaweza kuwa onyo la moyo miaka kadhaa kabla. Tone moja la damu mwezi wa tatu lingeonyesha kila kitu.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na mtoa tiba anatakiwa asajiliwe. Sina ugomvi na waganga waliosajiliwa, bibi yangu mwenyewe alitibu watu kwa mizizi. Nina ugomvi na huyu. Nilikwenda ofisini kulalamika, nikaambiwa nilete jina lake kamili na mahali anapokaa. Mtu anapiga spika mchana kweupe!

Mwenye kujua ni nani hasa wa kumfuata hapa Kigoma aniambie mapema. Mbalamwezi inarudi wiki ijayo.