Mjadala: Janga likizuka, mwanafunzi wa udaktari abaki wodini au arudi nyumbani?

Mleta mada
Wakuu, tulijadili hili kabla janga jingine halijatukuta. Machi 17, 2020, umoja wa vyuo vya udaktari vya Marekani, AAMC, ulishauri wanafunzi wasimamishwe kwenda wodini. Siku hiyohiyo Italia ikatoa amri ya kufuta mtihani wa leseni ili wahitimu wapatao 10,000 waingie kazini mapema. Korona ileile, huku wanatolewa, kule wanavutwa ndani.

Msimamo wangu: kuwatoa kunakubalika kwa wiki chache, barakoa zikiwa haba na ugonjwa haujaeleweka. Zaidi ya hapo ni uzembe uliovishwa joho la tahadhari. Nadharia haina shida, famakolojia, yaani somo la dawa, utaisoma hata kitandani na mhadhara uliorekodiwa utaurudia upendavyo. Tabu iko mikononi. Chukua ini lililovimba. Unalaza vidole upande wa kulia wa tumbo, unamwambia mgonjwa avute pumzi, unasubiri. Ini linashuka, ukingo wake unakugusa vidoleni. Ukibonyeza kwa pupa misuli inakaza, hupati kitu. Video itakuonyesha mkono unawekwa wapi, basi. Na aliyerukishwa hatua hiyo hataumbuka chuoni, ataumbuka kwenye utarajali, ule mwaka wa mazoezi ya kazi baada ya kuhitimu, usiku wa manane, daktari bingwa yuko nyumbani.

Mwalimu wa Kliniki
Italia umeichomeka pasipo pake. Wale walikuwa wameshahitimu. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anatumia barakoa, gauni na glavu kama daktari, na bado anahitaji mtu wa kumsimamia, mtu ambaye siku hizo hayupo. Toronto, Kanada, nako, wakati wa SARS, ule ugonjwa wa mapafu wa jamii ya korona, mwaka 2003, wanafunzi walitolewa wodini. Raundi ya watu kumi nyuma ya bingwa mmoja, kitanda hadi kitanda, ni njia nzuri mno ya kusambaza maambukizi. Mgonjwa hakuja hospitali kuwa ubao wa darasa.

Mwaka wa Tano
Shikamoo mwalimu. Kuhusu raundi ya watu kumi sina ubishi. Ila kisukari hakikwenda likizo, wala wajawazito, wala waliovunjika mifupa. Tungegawanywa wawiliwawili kwenye wodi zisizo na korona, kundi hili wiki hii, lile wiki ijayo. Badala yake tukaletewa mgonjwa wa kwenye skrini: mmoja anamhoji, wengine wote wamezima kamera. Mimi sauti ya mapafu yenye nimonia niliisikia kwa spika ya simu iliyopasuka. Hadi leo sijui nilisikia mapafu au simu.

Halafu tusisahau Copenhagen, Denmark, 1952. Polio ilipopooza misuli ya kupumua, wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana usiku na mchana kuminya mfuko wa hewa kwa mkono, hewa ikiingia kwa tundu lililotobolewa kooni. Waliokoa watu.

Mwalimu wa Kliniki
Marahaba. Waliokoa, ndiyo, lakini ile ilikuwa kazi. Aliyeminya mfuko siku ya kumi hakujua udaktari zaidi ya alivyojua siku ya pili. Ukimtaka mwanafunzi kama nguvukazi, mpe mkataba, malipo na bima. Usimwambie ni sehemu ya kozi, maana hapo hana ubavu wa kumkatalia mtu anayempa alama.

Mpita Njia
Mbona mitihani hamuigusi? Marekani walikuwa na Step 2 CS, mtihani wa vitendo uliofanyika katika miji mitano tu, mtahiniwa akilipa zaidi ya dola 1,000 ili aonekane akiwahoji na kuwapima wagonjwa wa kuigiza. Machi 2020 ukasimamishwa kwa ajili ya korona. Januari 2021 ukafutwa moja kwa moja. Kama mikono ni muhimu hivyo, mbona hawakuurudisha?

Mleta mada
Mkuu, umenisaidia bila kukusudia. Mtihani wa nje ukifutwa, anayebaki kuthibitisha ujuzi huo ni chuo chenyewe. Yaani aliyemfungia mwanafunzi nje ya wodi miezi kadhaa ndiye anayetia saini kwamba kijana anajua kupima tumbo. Mwalimu, suala la hiari na bima nakuachia, umeshinda. Ila wewe ungesaini?

Mwalimu wa Kliniki
Nisingesaini. Ningesogeza mahafali mbele, nimrudishe wodini kwanza. Wazazi waliokwisha kukodi ukumbi watanisamehe.