Mikanda myeusi juu na chini: tunazipimaje picha za mtindo wa sinema?

Jaji Mpya:

Ndugu wapiga picha, salaam. Nimeombwa kuwa mmoja wa majaji watatu wa shindano la picha, na nimekabidhiwa kipengele cha picha za mtindo wa sinema. Kanuni za kipengele hicho zina sentensi moja tu, kwamba picha ionekane kana kwamba imetolewa katika filamu. Duru ya kwanza tumeimaliza, kila jaji akitoa alama peke yake, na tumetofautiana mno kuhusu picha mbili, kiasi kwamba sioni namna ya kuendelea kabla ya kusikia maoni ya watu waliokaa na kazi hii kwa muda mrefu.

Picha ya kwanza inamwonyesha mwanamke ameketi ukingoni mwa kitanda usiku. Kando yake kuna meza ndogo yenye taa iliyowashwa na bilauri ya maji, na simu imelazwa kifudifudi juu ya shuka. Juu na chini ya picha imewekwa mikanda myeusi, vivuli vyote vina bluu inayoelekea kijani, na ngozi imekolezwa rangi ya chungwa. Wenzangu wameipa alama 9 kati ya 10; mimi nimeipa 5. Picha ya pili haina mikanda wala rangi za namna hiyo. Mvulana amesimama katika korido ndefu, ameshika kiatu kimoja mkononi, soksi ya mguu usio na kiatu imelowa, naye anautazama mlango ulioachwa wazi kwa upana wa kiganja. Mwanga wote unatoka nyuma ya mlango huo. Hii mimi nimeipa 9, na wenzangu 4, wakisema kwamba ni picha nzuri ila haina sinema ndani yake.

Je, ninakosea? Na kwa kuwa kila mshiriki ataandikiwa maelezo, nitamwelezaje mwenye picha ya kwanza upungufu ambao ninauhisi lakini ninashindwa kuutaja?

Mshika Taa:

Ndugu Jaji Mpya, kabla sijasema lolote kuhusu alama, ninakuomba uifungue tena picha ya kwanza kwa ukubwa wake kamili na uitazame bilauri. Kivuli chake kinaangukia upande gani? Kisha tazama ndani ya macho ya yule mwanamke: mng'ao uliomo una umbo gani, na uko upande upi?

Ninauliza hivyo kwa sababu nimefanya kazi ya taa katika seti za filamu kwa miaka mingi, na swali la kwanza tunaloulizana kabla ya kuwasha chochote ni hili: mtazamaji ataamini kwamba mwanga huu unatoka wapi? Taa ya mezani inayoonekana ndani ya fremu kwa kawaida haina nguvu ya kumwangaza mwigizaji vya kutosha, kwa hiyo tunaweka taa nyingine kubwa nje ya fremu. Lakini tunaiweka upande uleule, na tunaipa ujoto uleule wa rangi, ili jicho likubali kwamba kazi yote imefanywa na ile ndogo. Hata mgongano wa chungwa na bluu ulizaliwa hivyo, kwa sababu za kimwili kabisa: taa za tungsten (zenye waya unaowaka) zinazotumika katika seti ziko karibu na Kelvin 3200, kipimo cha rangi ya mwanga ambacho namba yake ikipanda rangi inaelekea bluu, na mwanga wa mchana karibu na Kelvin 5600, kwa hiyo ukiipanga mizani ya rangi ya kamera kati ya namba hizo mbili, taa itakuwa na ujoto na dirisha litakuwa na ubaridi katika fremu moja, bila mtu kugusa rangi baadaye. Mpiga picha anayezimwaga rangi hizo juu ya picha ambayo mwanga wake hauna chanzo ameazima matokeo na kukiacha chanzo.

Jaji Mpya:

Nimerudi kuitazama. Kivuli cha bilauri kinaangukia upande wa taa, yaani kinakwenda kulikowashwa badala ya kukimbia. Ndani ya macho kuna miraba miwili midogo ya mwanga, nayo inatoka upande wa kamera. Nimeitazama picha hii zaidi ya mara kumi na sikuwahi kuliona jambo hilo, ingawa sasa ninaamini ndilo lililokuwa likinisumbua.

Mhariri wa Rangi:

Ninamheshimu Mshika Taa, lakini hapa ningependa kumpunguzia makali. Filamu nyingi zinadanganya mwanga, tena waziwazi, na watazamaji hawalalamiki kwa sababu macho yao yamekwisha kwenda kwa mwigizaji. Kivuli kinachokwenda njia isiyo yake ni kosa pale tu ambapo kinatutoa nje ya kisa. Jaji akianza kuwinda vivuli kwa kioo cha kukuzia, atajikuta anaadhibu picha zenye uhai na kuzawadia zile zilizo safi tu.

Kinachonishughulisha mimi ni ngozi. Wengi hukoleza bluu-kijani kwenye vivuli na chungwa kwenye ngozi kwa sababu ngozi za binadamu wote, ziwe nyeupe au nyeusi, zinakaa karibu na eneo la chungwa katika duara la rangi, na bluu-kijani iko upande wa pili wa duara hilo, kwa hiyo mtu anajitenga na kilicho nyuma yake. Hoja hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari, ambayo mtu huibandika tu juu ya picha, haijui uso uko wapi; inajua tu kwamba hapa pana giza na pale pana nuru. Katika ngozi nyeusi sehemu kubwa ya uso huangukia kwenye vivuli na rangi za kati, kwa hiyo ile bluu iliyokusudiwa kwa ukuta inaingia shavuni, na uso unageuka kuwa wa kijivu kama majivu yaliyonyeshewa. Ndugu jaji, litazame shavu la mwanamke huyo upande usio na taa, na weupe wa macho yake. Ikiwa weupe huo nao una kijani, basi rangi imewekwa juu ya picha nzima bila kuchagua, na hilo unaweza kumwandikia bila wasiwasi wowote, kwa kuwa anaweza kulithibitisha mwenyewe.

Fremu Pana:

Nami niseme kuhusu mikanda, maana naona imetajwa na kupitwa haraka, na ninahofu ndiyo iliyowapa wenzako zile alama 9.

Mikanda myeusi ni matokeo ya skrini. Filamu yenye uwiano wa 2.39:1, yaani upana ni mara 2.39 ya kimo, ikionyeshwa kwenye skrini ya 16:9, sehemu ya juu na ya chini zinabaki tupu, na utupu huo ndio tunaouona kuwa mweusi. Hakuna mwongozaji aliyeichora. Picha tuli haina ulazima huo. Mshiriki angeweza kuikata picha yake kwa upana autakao na kuiwasilisha hivyo. Kwa hiyo mikanda ni pambo, na pambo halistahili adhabu wala tuzo. Kinachostahili alama ni umbo lililobaki kati ya mikanda, na gharama yake. Chukua faili la kawaida la pikseli 6000 kwa 4000: ukilikata hadi 2.39:1 unabaki na 6000 kwa takribani 2510, yaani zaidi ya theluthi moja ya kimo imekwenda. Aliyepanga fremu yake kwa ajili ya umbo hilo tangu alipokuwa nyuma ya kamera ataonyesha kwamba ameutumia upana, kwa mfano kwa kumweka mtu pembeni na kuiacha nafasi tupu upande wa pili ifanye kazi. Aliyekumbuka baadaye atakuwa amekata mikono kwenye vifundo na utosi kwenye nywele. Ziba mikanda kwa karatasi uone.

Kuhusu wenzako wanaosema kwamba picha isiyo pana haina sinema, waambie kwa upole kwamba upana huo ulienea baada ya CinemaScope, mfumo wa filamu za skrini pana, kuanza mwaka 1953, wakati kampuni za filamu zilipotafuta namna ya kuwarudisha watu waliobaki nyumbani na televisheni. Kabla ya hapo, kwa takribani miaka 20, umbo la kawaida lilikuwa 1.37:1, ambalo ni jembamba kuliko hata 3:2 ya kamera zetu nyingi. Hatuwezi kuzifuta filamu zote hizo kwa ajili ya mikanda miwili.

Chumba cha Giza:

Mimi nimekuwa jaji mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na ningependa tumrudie yule mvulana, maana tumemwacha amesimama koridoni.

Msanii wa picha wa Marekani, Cindy Sherman, alipotengeneza mfululizo wake wa picha zinazofanana na picha za filamu, kati ya mwaka 1977 na 1980, alitumia nyeusi na nyeupe, bila umbo pana na bila filamu yoyote nyuma yake. Hata hivyo kila anayezitazama anahisi kwamba kuna onyesho lililotangulia na jingine linalofuata. Zinaiga zile picha za matangazo zilizokuwa zikibandikwa nje ya majumba ya sinema, ambazo nazo mara nyingi hazikukatwa kutoka kwenye filamu, bali zilipigwa na mpiga picha maalumu aliyesimama kando ya seti. Mtu akisema "kana kwamba imetolewa katika filamu", basi anazungumzia wakati: picha inatuhakikishia kwamba dakika moja iliyopita kulikuwa na jambo, na dakika moja ijayo kutakuwa na jingine.

Kiatu kilichoko mkononi, soksi iliyolowa, na mlango ulioachwa wazi vinanilazimisha kuuliza ametoka wapi, maji yametoka wapi, na nani yuko ndani. Simu iliyolazwa kifudifudi nayo ingeweza kufanya kazi hiyohiyo, tena vizuri sana, lakini kwa maelezo yako mwanamke huyo ameangaziwa kwa ajili ya kamera, kwa hiyo kamera ndiyo ninayoihisi, na simu inabaki kuwa kifaa cha kupamba shuka. Mimi ningempa mvulana 8 au 9. Mwanamke ningempa 6, na nusu ya hizo ingekuwa kwa ajili ya simu.

Kuhusu maelezo kwa mshiriki, anza na kile kilichomo ndani ya fremu, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyakanusha, kisha mwambie kilikufanya uwaze nini. Watu wengi huanza na hisia zao, na mshiriki anabaki akibishana na hisia za mtu asiyemjua.

Jaji Mpya:

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Weupe wa macho una kijani, kama Mhariri wa Rangi alivyokisia. Mikanda nimeiziba kwa karatasi: mikono haijakatwa, na nafasi tupu iliyo kulia imepangwa kwa makusudi, kwa hiyo nimempandisha hadi 6. Wenzangu wamekubali kuzitazama tena picha zote mbili kesho, safari hii bila kutajiana alama za awali. Rasimu ya maelezo yangu ni hii:

"Umemweka mhusika kushoto na kuuacha upande wa kulia wa kitanda ukiwa mtupu, na simu iliyolazwa kifudifudi ilinifanya nijiulize ni nani aliyepiga au aliyekataa kupiga. Hata hivyo, uso wake unaangazwa kutoka upande wa kamera, ilhali taa pekee iliyowashwa iko kando yake, na kivuli cha bilauri kinaelekea kwenye taa hiyo. Rangi ya vivuli imeingia pia kwenye weupe wa macho. Ukiupiga tena mpango huuhuu, jaribu kuuweka mwanga wako mkubwa upande wa taa ya mezani na uuache uso uingie gizani kwa nusu. Kwa sasa picha haijawa ya kisinema vya kutosha."

Chumba cha Giza:

Futa sentensi ya mwisho, kwa maana zile zilizotangulia zimekwisha kumwambia. Na mahali pa "jaribu kuuweka" andika ni umbali gani na kimo gani, ikiwa Mshika Taa atakusaidia kukadiria; hilo ataweza kulifanya usiku huohuo atakapopokea barua yako.

Mshika Taa:

Aiweke nyuma kidogo ya taa ya mezani, nje ya fremu, juu kidogo tu ya kimo cha macho ya mwanamke akiwa ameketi, na aivike kitambaa chepesi cheupe. Akishamaliza, aitazame bilauri kabla ya kuutazama uso.