Tupeane uzoefu: vakanse (likizo) kubwa kabla ya kozi ya juu ya historia ya dunia

Mama wa Kamalondo
Jambo wazazi na vijana wa Lubumbashi. Binti yangu amepita vizuri, na Septemba anaanza AP World History: Modern katika shule yake ya Kiingereza. Ni kozi ya Kimarekani ya kiwango cha chuo kikuu. Inaanzia mwaka 1200 hivi mpaka siku zetu, ina sehemu tisa, na mwisho wake ni mtihani wa mwezi wa tano wenye alama kuanzia 1 hadi 5. Historia aliyozoea ni ile ya kunakili ubaoni na kukariri. Nyumbani tunasema Kiswahili na Kifaransa, Kiingereza ni cha darasani tu. Julai na Agosti zote ziko mbele yetu. Sipendi aimalize vakanse kwenye simu, na sipendi pia afike Septemba amechoka. Mliopitia kozi hii, mliosoma historia pale UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), mnaofundisha: ninyi mlifanya nini? Semeni kilichowasaidia kweli.

MtotoWaKenya
Jambo Mama. Nimekulia komini ya Kenya, hapo Lubumbashi, sasa niko Marekani, na kozi hiyo niliifanya huku nikiwa na Kifaransa kingi na Kiingereza kidogo. Kilichonibana ni mwendo wa kusoma. Mtihani una maswali 55 ya kuchagua jibu kwa dakika 55, na maswali hayo huja kwa mafungu: unapewa andiko, ramani, picha au jedwali, kisha unaulizwa juu yake. Aliyekariri tarehe bila kuzoea kusoma anaishiwa na dakika.

Mjomba wangu ndiye aliyeniokoa. Wakati wa likizo alinipa kila asubuhi kipande kifupi cha andiko la zamani. Kwanza nilimweleza kwa Kiswahili: nani anasema, anamwambia nani, mwaka gani, na anatafuta nini. Baadaye ndipo niliandika sentensi mbili tatu za Kiingereza. Kuanza na lugha yangu kulinipa nafasi ya kufikiri kabla ya kuhangaika na maneno.

Andiko lililonifungua macho ni barua ya Afonso I, mfalme wa Kongo, aliyomwandikia João III wa Ureno mwaka 1526. Analalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe. Anasema anachohitaji kutoka Ureno ni mapadri na walimu, pamoja na divai na unga wa misa. Mjomba aliniuliza: kwa nini mfalme anaandika kama ndugu kwa ndugu, kwa heshima nyingi hivyo, wakati ana uchungu namna hii? Tulilizungumza swali hilo mpaka jioni. Baadaye, kwenye mtihani, nililikuta swali la nyaraka: nyaraka 7, dakika 60, ujenge hoja yako kwa kuzitumia. Ilikuwa ni kazi ileile ya mjomba.

Papa wa Katuba
Mimi nasema mtoto apumzike kwanza. Wiki za mwanzo acheze, alale, aende kwa nyanya yake. Wangu wawili nimewasomesha hivyo na wote walifika mbali. Kitabu kinachofunguliwa kwa nguvu mwezi wa saba hakiingii kichwani.

Mwalimu wa Ruashi
Nakubaliana na Papa kuhusu wiki za mwanzo. Baada ya hapo ningeweka ramani mbele ya yote. Nafundisha historia katika sekondari, na ninaona wanafunzi wanaojua kwamba Baghdad iliangukia mikononi mwa Wamongoli mwaka 1258 lakini hawajui Baghdad iko upande gani wa Samarkand. Achore mwenyewe, kwa kalamu ya risasi: njia za hariri za Asia, njia za jangwa kutoka Mali kwenda kaskazini, na Bahari ya Hindi pamoja na pepo zake, kaskazi inayoleta majahazi Afrika na kusi inayoyarudisha. Akishaichora, aweke watu juu yake. Mansa Musa, mfalme wa Mali, anakwenda hija 1324. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, anafika Kilwa 1331. Meli za Zheng He, amiri wa China, zinasafiri kati ya 1405 na 1433 na kufika hadi pwani yetu ya mashariki. Tarehe zinakaa zenyewe zikiwa na mahali pa kukaa.

Kasapa_Historia
Mama, mimi nimesoma historia Kasapa, kampasi ya UNILU, na nakuomba usimwache binti yako afikiri kwamba historia ya dunia inaanzia mbali. Lubumbashi ni mahali pazuri mno pa kuianzia.

Mpeleke makumbusho ya taifa hapa mjini aone misalaba ya shaba. Misalaba kama hiyo imechimbuliwa katika makaburi ya Sanga, bonde la Upemba. Mingine imekutwa Ingombe Ilede, karibu na mto Zambezi, katika makaburi yenye dhahabu na shanga za kioo zilizopita Bahari ya Hindi. Yaani shaba ya ukanda huu ilikuwa ndani ya mtandao wa biashara uliogusa bahari.

Kisha M'siri, mfalme wa Bunkeya hapa Katanga. Alipeleka shaba, pembe na watumwa magharibi hadi Benguela na mashariki kwa wafanyabiashara wa Kiswahili, akapokea bunduki na baruti. Desemba 1891 aliuawa na watu wa msafara uliotumwa kwa ajili ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Hapo kuna ubeberu wote wa karne ya 19: mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, mashindano na Waingereza wa kusini, kiu ya madini.

Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi: kutoka pale ilitoka sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Na Vita Baridi? Katanga ilijitenga Julai 1960, Lumumba akauawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961, na Septemba mwaka huohuo ndege ya Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ikaanguka karibu na Ndola akiwa njiani kumwona Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Wazee waliokuwa watoto wakati ule bado wako kwenye kartye zetu. Aende awaulize akiwa na daftari. Yeye peke yake darasani ndiye atakayekuwa na ushahidi wa namna hiyo.

Kama anataka kitabu, juzuu ya 4 ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO inahusu karne ya 12 hadi ya 16, na inapatikana bure kwa Kifaransa kwenye mtandao. Achague sura moja au mbili tu.

Mama wa Kamalondo
Aksanti sana, kila mmoja. Jana tumeshaanza, jikoni. Nilikuwa nasonga bukari (ugali), yeye anachambua sombe (majani ya muhogo), nikamwuliza mahindi na muhogo vilitoka wapi. Akasema Kasenga. Tukatafuta pamoja: vyote viwili vilivuka Atlantiki kutoka Amerika baada ya safari ya Columbus ya 1492. Akanyamaza, kisha akauliza mababu zetu walikula nini kabla. Mtama, uwele, ulezi. Akauliza pia kwa nini mazao hayo mapya yalishinda, na nikamwambia aandike jibu lake ukurasa mmoja. Swali limebaki kwangu: aziguse sehemu zote tisa kabla ya Septemba?

Yaya wa Kampemba
Hapana, Mama. Nilijiandaa peke yangu kwa kozi hiyo, na ninaona vakanse itoshe kwa kipindi cha 1200 hadi 1450 pamoja na kuandika. Uzito wa mtihani uko kwenye sehemu ya 3 hadi ya 6, yaani 1450 hadi 1900: kila moja ni asilimia 12 hadi 15, nyingine ni 8 hadi 10. Hizo nzito atazipata na mwalimu wake.

Kuandika ndiko kusikosubiri. Kuna insha ndefu ya dakika 40, na tangu 2025 mtihani wenyewe unafanywa kwenye kompyuta, kwa hiyo vidole navyo vijifunze. Kwetu umeme ulikuwa unakatika jioni, basi nilichaji kompyuta asubuhi na kuandika mchana. Kila insha niliianza kwa sentensi moja inayojibu swali na kutaja sababu. Lile swali la mahindi na muhogo linafaa kabisa kwa insha ya kwanza. Mwambie atie jibu lake katika sentensi moja, kisha atafute ushahidi wa aina mbili, na ukipenda tuma hapa tuusome.