Mnaoishi ghorofa mpya za Malindi tupeane uzoefu, hizi nyumba zimechorewa watu au picha?

Wadau, kila mtu anasifu hizi apatimenti mpya mjini, vioo kila upande, taa za buluu, geti la rimoti. Mi naishi mojawapo, upande wa barabarani, na nasema wazi sura ipo lakini mchoro hamna. Bahari yetu iko mashariki, kusi na kaskazi zote zaingilia huko huko, basi wa mbele wakapewa upepo wote na sisi wa nyuma tukaachiwa jua la alasiri, lapiga kioo mpaka magharibi, feni yazungusha joto tu. Na yale madirisha ya kusukuma hata ufanyeje yafunguka nusu. Leteni yenu.

Bi Mkunazi: Mie shida yangu mlango. Ukifunguliwa tu, alo kwenye korido aona mpaka jikoni, wageni wa mume wangu wakija nakimbilia chumbani na ungo wa mchele mkononi. Na nguo ukianika kwa balkoni keateka anakwambia waharibu sura ya jengo 😂 za watoto wanne nikaanike kwa lifti?

Amu damu: Bi Mkunazi hilo la mlango wazee wa Lamu walishalimaliza kitambo. Waingia daka, ile baraza ya mlangoni, wapinda tekani, kile kiukumbi cha kuingilia, ndo wakuta kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko wazi juu, joto lapanda latoka, na mpita njia haoni kitu. Kuta nene za matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba kwa vile boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Mji umeingia urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, hao wachoraji waja wapiga picha, wakirudi Malindi wachora sanduku la kioo, halafu risepsheni waweka mlango wa kuchonga eti ndo Uswahili.

Fundi Maweni: Msimlaumu mchoraji peke yake jamani. Kuna kazi nilifanya hapa mchoro ulikuja na vikinga jua juu ya kila dirisha, tajiri akaona vinakula simiti akasema toa. Kibaya zaidi ni chumvi. Mchanga wa baharini usiooshwa, au vyuma vikifunikwa na simiti nyembamba, chuma kinashika kutu kinavimba na slabu inapasuka kutoka ndani, juu rangi mpya yang'aa. Ukienda kuangalia nyumba achana na taili, tazama chini ya balkoni.

Mtoto wa Pwani: Mi sitoki ghorofani. Nimelelewa nyumba ya makuti, paa la kubadilisha kila mara, panya, na mtu akichoma taka jirani hulali. Ila niko upande wa bahari, labda sina haki ya kusema 😄

Bi Mkunazi: Kumbe! Orofa ya ngapi, na stima ikipotea je?

Mtoto wa Pwani: Ya tano. Genereta yawasha lifti na taa za korido, pampu ya maji hawakuiunga. Ndoo twapandisha na lifti.