Waandishi gani wa sasa watasomwa na wajukuu zetu? Tupeane uzoefu, watu wa Lindi na Mtwara

Mwanzisha mada, Lindi mjini
Wakuu, salaam. Tuongelee waandishi wa tangu uhuru hadi leo. Ukimtaja mtu, taja na kitabu, kisha useme kitakachokivusha au kitakachokiua. Sifa tupu tuziache.

Mwalimu wa Kiswahili, Masasi
Naanza na mtoto wa nyumbani, Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, 1943. Tamthilia yake *Kinjeketile* ilitoka 1969 na bado iko hai kwa sababu ya shaka iliyomo ndani yake. Kinjeketile, mganga anayewaunganisha watu dhidi ya Mjerumani, akiwa amepandisha pepo anatamka kwamba Mjerumani akishaondoka, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Akizinduka, anashtuka kuambiwa kwamba maneno hayo yametoka kinywani mwake.

Vikundi vingi vya shule vinaharibu hapo. Nguvu zote zinaishia kwenye ngoma na kupandisha, halafu kuzinduka kunapitiwa mbio ili wafike vitani. Fanyeni hivi: ngoma ikate ghafla, wengine wasogee nyuma, Kinjeketile abaki katikati na aseme kwa sauti yake ya kawaida, taratibu. Mtazamaji asipoiona shaka hiyo, hataelewa kwa nini mwishoni mtu huyu anagoma kuyakana maji, ile dawa aliyowapa watu iwakinge na risasi.

Na msiifundishe kama historia ya Majimaji ya 1905–1907. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni.

Muuza vitabu, Mtwara
Hussein sina ubishi. Mimi naongeza Euphrase Kezilahabi (1944–2020). Riwaya yake *Rosa Mistika* ya 1971 ndiyo itakayomfikisha kwa watu wengi. *Nagona* itabaki kwa wachache wenye subira, lakini hao ndio wanaofundisha wengine.

Hatari yake iko kwenye hakimiliki. Kwa Tanzania Bara inadumu uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hiyo muda wake uliisha na mwaka 2012. Wa Kezilahabi ni hadi mwisho wa 2070. Kitabu kikiadimika na mwenye haki hapatikani, mchapaji makini hakigusi. Kinabaki kuishi kwa fotokopi, na fotokopi ya fotokopi inakula herufi za upande wa mshono.

Walio hai wafanye mambo mawili: mkataba utaje haki zirudi kwa mwandishi kitabu kisipochapwa upya ndani ya muda waliokubaliana, na waandike nani atasaini wao wakishaondoka.

Mkutubi, Lindi
Mnasahau hewa yetu ya pwani. Vitabu vingi vya bei nafuu vimebandikwa gundi tu mgongoni; gundi ikikauka inapasuka na kurasa za katikati zinachomoka. Selotepu msiweke kabisa, inaacha doa la kahawia na karatasi inakatika pembeni yake. Toboa matundu matano, milimita 5 kutoka mgongoni, ushone kwa uzi imara. Kwanza pima nafasi tupu kati ya mgongo na maandishi: ikiwa chini ya milimita 15, mshono utameza maandishi.

Rafu iwe juu ya sakafu na isigusane na ukuta, mchwa hupandia huko. Kufunga vitabu kwenye nailoni kunafungia unyevu ndani, na ukungu unaanzia kwenye jalada. Gundi ya unga nayo inaita mende.

Mchangiaji, Newala
Abdulrazak Gurnah je? Nobel ya fasihi ya 2021, lakini anaandika kwa Kiingereza. *Paradise* ya 1994 imetufikia kwa Kiswahili 2022 kama *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Mwalimu wa Kiswahili, Masasi
Atasomwa huku kwa kadiri atakavyotafsiriwa. Adam Shafi ana nafasi nzuri zaidi: *Kuli* na *Vuta N'kuvute* zina Kiswahili ambacho mwanafunzi anakifuata bila kamusi, na lahaja ya Unguja inabaki na utamu wake. Penina Muhando pia msimwache. Tamthilia yake *Nguzo Mama* inaigizika hata kwenye uwanja wa shule usio na jukwaa wala taa.