Tupeane uzoefu: mwendelezo uliokuharibia filamu uliyoipenda

Mtoa mada, Morogoro

Wakuu, habari zenu. Naomba tukae kwenye jambo moja tu: filamu ya Hollywood uliyoipenda tangu zamani, wakaja kuiendeleza au kuirudia upya, na hiyo mpya ikakuharibia hata ile ya kwanza. Sizungumzii filamu iliyokuchosha. Hizo ni nyingi, unazima unalala. Nazungumzia ile iliyokuuma.

Naanza mimi. Mwaka 1997 nilikuwa darasa la tano. Mtaani kwetu kulikuwa na banda la video la mabati, kiingilio shilingi 50, watoto kwenye mkeka mbele, wakubwa kwenye mabenchi nyuma. Terminator 2 ilitoka 1991, lakini kwetu ndiyo kwanza ilikuwa inafika, kanda imechakaa mpaka picha inaruka. Kiingereza tulikuwa hatujui. Ila mwisho ule hauhitaji lugha. Arnold Schwarzenegger, ambaye humo ni mashine yenye sura ya mtu iliyotumwa kumlinda mtoto John, anashushwa taratibu kwenye chuma kilichoyeyuka, na ameomba mwenyewe, kwa sababu kile kilichomo kichwani mwake kikibaki, vita vitakuja. John analia, anamkataza. Anazama, unabaki mkono tu, kidole gumba kimesimama. Banda zima kimya. Sisi tuliozoea kwamba stelingi hafi, siku hiyo tulimwona stelingi anakufa kwa hiari yake. Tulitoka nje bila kusukumana.

Nimekaa na picha ile zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2019 ikatoka Terminator: Dark Fate. James Cameron, mwongozaji wa zile za mwanzo, amerudi kama mtayarishaji, Linda Hamilton, mama yake John, amerudi, nikasema hii sasa ndiyo yenyewe. Dakika za mwanzo kabisa, hujakaa hata sawa, mashine nyingine yenye sura ile ile ya Arnold inatokea, inampiga John risasi, anakufa. Basi. Mtoto ambaye filamu mbili zilihangaika kumwokoa! Halafu vita ni vile vile, mashine zimebadilishwa jina tu, na kuna binti mwingine wa kuokolewa. Sasa yule aliyezama kwenye chuma alizama kwa ajili ya nani? Nililala na swali hilo, na sijapata jibu hadi leo.

Karibuni.

Mdau, Mombasa

Yangu ni The Lion King, na naumia zaidi kwa kuwa majina yale ni yetu. Simba, Rafiki, Pumbaa. Nilipokuwa mdogo niliiona ile ya 1994 kwa binamu yangu, na kwa mara ya kwanza nikasikia maneno ya nyumbani yakitoka kwenye sinema ya Wamarekani. Mufasa, babake Simba, alipoanguka akafa tulilia chumba kizima, hata shangazi aliyekuwa akikuna nazi mlangoni aliacha mbuzi akaja kuuliza nani amekufa.

Mwaka 2019 ilipotoka mpya nikampeleka binti yangu, wakati ule ana miaka saba. Nilimuandaa njiani, nikamwambia kuna mahali utalia, usione haya. Ikafika pale. Simba mdogo anamsukuma babake kwa kichwa, amka, amka. Mwanangu akanigeukia: "Mama, mbona hajasikitika?"

Na alisema kweli. Wametengeneza simba kwa kompyuta, unyoya kwa unyoya, mpaka wamekuwa simba hasa. Na simba hasa hana uso wa kulia. Katika ile ya michoro nyusi zinapanda, macho yanajaa, mdomo unatetema. Hapa sauti inalia na uso umetulia kama paka aliyeshiba.

Mimi simba wa kweli sikuwahitaji. Wako Tsavo, natoka asubuhi mchana nimewaona. Nilimtaka simba wa hadithi, kama wale bibi zetu waliotuhadithia, simba anayesema, anayedanganywa na sungura, anayeona aibu. Hadithi zetu za wanyama zote ni za watu waliovaa manyoya, na ile ya 1994 ilijua hivyo. Hii mpya iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, kwa hivyo sitarajii wanisikie. Lakini sauti ya mwanangu gizani bado ninayo.

Mdau, Isiolo

Dada wa Mombasa, pole sana.

Yangu ni Jurassic Park. Ile ya 1993 dinosaria wenyewe hawaonekani hata robo saa katika saa mbili, lakini maji yakitetema kwenye gilasi unajificha chini ya kiti. Baadaye wakaja na Jurassic World, na ile ya 2018 ikaisha dinosaria wametoka wako mitaani pamoja na watu. Nikangoja miaka minne nione dunia hiyo itakuwaje. Mchungaji wa mbuzi atafanya nini? Mvuvi je? Kumbe Dominion ya 2022 inahusu nzige. Nzige! Kampuni imetengeneza nzige wakubwa wanaokula mazao ya kila mkulima asiyenunua mbegu zake.

Mimi nzige nimewaona. Mwanzo wa 2020 walifunika huku kwetu Isiolo na Samburu, jua likawa hafifu, matawi yakavunjika kwa uzito wao. Tulipiga madebe, tukachoma matairi, na baba yangu alisimama katikati ya malisho yake amenyamaza. Kwa hiyo mimi ndiye mtu ambaye filamu ile ingemshika vizuri kuliko wote. Haikunishika. Nzige wale walikuja wakapita kama mzigo wa kusafirisha watu kutoka mbio moja hadi nyingine. Mkulima mwenyewe, mwenye shamba lililoliwa, alionekana dakika chache mwanzoni, kisha akasahaulika.

Mdau, Toronto (nyumbani Arusha)

Coming to America ya 1988 ndiyo filamu ambayo mzee wangu alikuwa anaijua kwa moyo. Alipokuja kunitembelea huku mwaka wa kwanza, jambo la kwanza alilouliza uwanja wa ndege ni kama Queens, ile sehemu ya New York ya kwenye filamu, iko mbali. Ile Zamunda tulijua ni Afrika ya kubuni, lakini Akeem, mwana wa mfalme wake, alikuwa wetu: kijana anayekataa mke wa kupangiwa, anayekubali kupiga deki kwenye mgahawa ili apendwe yeye mwenyewe na si taji lake.

Machi 2021, wakati wa korona, tukaitazama Coming 2 America familia nzima, yeye Arusha sisi huku, simu ikiwa hewani. Akeem sasa ni mfalme, ana mabinti watatu hodari, na hawezi kumrithisha hata mmoja kwa sababu ni wanawake. Inabidi atafute mtoto wa kiume aliyemzaa Queens bila kujua. Yaani yule aliyevunja mila amegeuka baba yake. Hilo lingeweza kuwa hadithi nzuri, mwanadamu huzeeka akafanana na alichokikimbia. Lakini wao hawakulitazama.

Kilichotukata kabisa ni namna mtoto huyo alivyopatikana. Walirudi kwenye usiku wa filamu ya kwanza, wakachomeka tukio ambalo halikuwapo: Akeem analeweshwa bangi na mwanamke, kisha yanafanyika asiyoyakumbuka. Na wanatutaka tucheke. Kwenye simu mzee akasema, "Huyo siye," akaaga akalala. Ile ya zamani hajaiweka tena tangu siku hiyo, na zamani ilikuwa kila Krismasi.

Mdau, Kampala

Fast and Furious. Mwaka 2001 ni vijana wa mtaani Los Angeles wanaoteka malori ya vifaa vya umeme. Mwaka 2021 gari liko angani, nje ya dunia kabisa. Han, mmoja wa wale madereva, alikufa, akafufuka. Siku hizi akifa mtu humo simlilii tena.

Mdau, Dar es Salaam

Naomba nitofautiane kidogo, kwa heshima. Mtoa mada, hiyo Terminator 2 unayoililia nayo ni mwendelezo. Ya kwanza ni ya 1984, na humo Arnold ndiye muuaji. Cameron alirudi baada ya miaka saba akiwa na swali jipya: je, mashine ile ile iliyotumwa kuua inaweza kujifunza thamani ya uhai? Ndiyo maana mkono ule ulikuuma.

Ben-Hur ya 1959, yenye Oscar 11, ni marudio. Ilikuwapo ya 1925. Wakairudia tena 2016 na hakuna anayeikumbuka. Mwongozaji George Miller alirudi kwenye filamu zake za Mad Max mwaka 2015, miaka 30 baada ya ile ya tatu, akatoa Fury Road ambayo mimi naiweka juu ya zote, na ikachukua Oscar sita. Kwa hiyo kosa si kurudi. Fundi akirudi kwenye nyumba aliyoijenga kwa sababu ameona chumba kilichosahaulika, mwache ajenge. Hawa wanaotuuma wanarudi kwa sababu jina linauzika, halafu wakiwa ndani ndipo wanaanza kutafuta la kusema. Wasipolipata wanavunja kuta.

Mtoa mada, Morogoro

Mkuu wa Dar, umenishika. Ni kweli, na sikuwahi kuiwaza hivyo, maana bandani ile ya pili ndiyo tuliyoiona kwanza.

Niongeze hili. Jumamosi iliyopita nilimwekea mwanangu Terminator 2, ana miaka kumi na mmoja, umri ule ule niliokuwa nao. Mwisho ulipofika alikuwa ameshika mkono wa kiti kwa nguvu. Ikaisha, akakaa kimya, halafu akauliza, "Baba, alirudi?"

Nikamwambia hakurudi. Akaitika kwa kichwa, akainuka akaenda kunywa maji.